Zipu ya Suti ya Nne

"Hii suti ni moja," Muhonja alisema, macho kwenye kompyuta.

Owen, msimamizi wao pale ofisini, mtaa wa Tena, Nairobi, akaja na kikombe chake cha chai, akainama. Picha nne. Suti nne za mpira, rangi ya chungwa, za kuvaliwa na mabaharia meli ikizama kwenye maji ya barafu. Kampuni ya ng'ambo ilitaka kuikodi meli yenye suti hizo iende kusini kabisa, na kazi ya Muhonja ilikuwa kutazama picha na kubonyeza: inafaa, au haifai.

"Ziko nne, sister. Hesabu."

"Angalia zipu. Jino la saba halipo. Hapa halipo. Hapa pia. Na hapa."

Tangu amalize darasa la nane mpaka alipoingia ofisi hii alikuwa Kayole kwa shangazi yake, kwenye cherehani, akibadilisha zipu za majaketi. Bahari hajawahi kuiona. Barafu aliijua ya friji. Lakini zipu?

"Labda kiwanda hutengeneza hivyo," Owen akasema. "Kwani umekuwa nahodha lini?"

Meza nzima ikacheka. Muhonja naye akacheka kidogo, akaacha. Labda kweli. Labda huko jino moja huachwa makusudi ili… ili nini? Alijaribu kumwona mtu ndani ya maji yale, baridi ikimwingia kifuani kwa kitundu kama punje ya mchele. Akili haikufika.

"Meli inang'oa nanga leo jioni. Ukiikwamisha bure watakutoa kwa hii kazi, na mimi sitakutetea. Nakwambia mapema."

Akabonyeza haifai. Kisanduku kikamuuliza sababu. Akaandika, akafuta, akaandika tena: *Suti ni moja. Nionyesheni zote pamoja.*

Jibu kutoka melini lilifika Owen hajamaliza chai. Picha moja, bila neno. Mabaharia wanne wamejipanga, kila mmoja ndani ya suti yake.

"Nne hizo, mama. Pitisha twende."

Watatu walivaa suti ambazo hazikuwa kwenye zile picha za kwanza: zipu zimefungwa mpaka kidevuni, meno yote yako. Wa nne alikuwa ameweka mkono kifuani, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Muhonja akaikuza picha. Akaikuza tena, mpaka kioo kizima kikawa glavu nene yenye vidole vitatu, imekandamiza pale pale penye jino la saba.