Pembe za Dari ya Fundi Gencho

Nevena aliingia duka la kamera mjini Gabrovo na lenzi mkononi, hata koti hakulifungua vifungo.

"Ognyan, nilikuambia kamera yangu ni ipi?"

"Uliniambia, dada," muuzaji akajibu kwa tabasamu. "Ile yenye kihisi kikubwa, kile kipokea mwanga cha ndani."

"Na nikakuambia nataka nini?"

"Lenzi pana kuliko zote, dari nzima iingie."

Nevena akawasha kamera akamsogezea usoni. Kwenye kioo cha kamera lilionekana jua la mbao lililochongwa darini, miale yake imetawanyika, na kuzunguka pande zote giza tupu, kana kwamba mtu amechungulia kwenye bomba.

"Aa, hilo. Lenzi hii ni ya kamera zenye kihisi kidogo, mwanga wake haufiki kingoni kwa yako. Niliona usiondoke mikono mitupu. Kata tu hizo pembe, dada. Nani anaangalia pembe?"

Damu ikamchemka Nevena. Maneno yale yale alikwisha kuyasikia kwa kaka yake.

Baba yao, fundi Gencho, mchongaji wa mbao wa mji wa Tryavna, alikuwa amefariki mwezi uliopita. Kaka yake, Kamen, hakungoja hata arobaini, nyumba ya baba akaiuza. Mnunuzi alitaka jua la darini tu, alitundike kwenye mkahawa wa hoteli yake. "Pembe zimeliwa na wadudu," Kamen alisema. "Ukizigusa zinageuka unga. Nani anaangalia pembe?"

Lakini baba alikuwa akisema kwamba jua huchongewa wageni, pembe huchongewa wenye nyumba. Kwenye pembe hizo mama alikuwa kichala cha zabibu, Kamen ndege, Nevena komamanga. Pembe ya nne ilikuwa na tumba la waridi lisilofunguka. Hilo lilikuwa la Mitko, mdogo wao, aliyekufa mchanga bila kupigwa picha hata moja. Nevena aliwataka wote pamoja kama baba alivyowaweka, kabla dari haijashushwa. Na chumba kilikuwa kidogo. Hata akilala chali sakafuni, kwa lenzi yake ya zamani jua peke yake lilijaza picha.

"Basi piga kila pembe peke yake, uziunganishe kwenye kompyuta," Ognyan akasema.

"Wametengana vya kutosha."

Ognyan akatoa lenzi nyingine. "Hii inameza chumba kizima." Nevena akaifunga kwenye kamera, akazilenga rafu za duka. Kwenye kioo mbao zilivimba kama mbavu za pipa.

"Baba angemfukuza mwanafunzi wa kupindisha ubao hivi. Na lenzi ile ya rafu ya chini kabisa?"

"Ile kuukuu? Hailengi yenyewe, unazungusha kwa mkono. Na penye giza inataka utulie sana."

"Ni ya kihisi kikubwa?"

"Ya kihisi kikubwa."

Akaifunga, akazilenga rafu zile zile. Zilisimama wima ukingo hadi ukingo, na pembeni kabisa kijibandiko cha bei kilisomeka.

"Dari haikimbii, Ognyan. Nitazungusha."

"Itabidi uongeze pesa kidogo, dada..."

"Ongeza wewe aibu, ndiyo uliyopungukiwa."

Ognyan akaipokea lenzi yake ya giza, akamfungia ile kuukuu.

Siku ya arobaini, baada ya kanisa, picha ya dari nzima iliwekwa mezani kando ya mshumaa na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Wageni wakalisifu jua.

"Jua limetoka vizuri, Nevi," Kamen akasema.

"Nani kakuuliza jua? Tazama pembeni."

Kamen akavaa miwani. Kidole chake kikapita kwenye zabibu, kwenye ndege, kwenye komamanga, kikasimama.

"Hili tumba... ni Mitko?"

"Umelala chini yake utoto wako wote, leo ndiyo unauliza!"

"Nimeshatia sahihi, Nevi."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga picha."

Jumatatu mafundi walilishusha jua likiwa limefungwa mablanketi. Kamen akawaomba wasiiguse pembe ya nne. Akapanda ngazi mwenyewe, akalikinga tumba kwa viganja viwili ili alishushe zima. Likamong'onyoka. Unga wa mbao ukammwagikia mabegani.

Alishuka polepole, hakujipangusa.

"Na mimi nipe nakala," akasema.

Nevena alikuwa amekunja mikono kifuani, hasira haijamtoka.

"Nitakupa. Lakini ole wako ukate pembe."