Kibanda cha Paneli

Mzee Esekon wa Kakuma alikuwa ameahidi soda baridi, na ahadi hiyo ilikuwa imeshafika Lodwar. Jumamosi watu wa huko wangekuja kumposa mjukuu wake, wakiongozwa na Mzee Lokwawi, na Lokwawi alikuwa na mdomo. Mara ya mwisho walipokutana alisema mbele ya watu kwamba Kakuma soda hunywewa kama chai: unapuliza kwanza. Watu wakacheka. Esekon naye alicheka, akarudi nyumbani, akauza ngamia, akanunua friji ndogo na paneli mbili za sola.

Fundi Kamande alizilaza uani juu ya bati, akaunganisha nyaya, friji ikanguruma. Kabla ya kuondoka alisema, "Mzee, paneli hazipendi joto. Zikichemka, nguvu inapungua. Sasa cha kufanya..."

Esekon hakungoja cha kufanya. Darasa la ngumbaru alilimaliza akiwa wa kwanza, na mtu wa namna hiyo ukimpa nusu ya jambo, nusu ya pili hujimalizia mwenyewe.

"Nimeelewa," alisema. "Nenda salama."

Kwetu kitu unachokipenda hukiachi juani saa sita mchana. Mtoto ana kivuli chake, mbwa ana chake, hata mtungi wa maji una wake. Esekon alichimbia nguzo nne, akaezeka matawi ya mkoma, paneli zikapata kibanda ambacho majirani walikionea wivu. Aliinama, akagusa kioo. Kimepoa kabisa. Akaridhika.

Friji ikanyamaza.

Alhamisi mchana Félicité, Mkongomani anayeuza soda katika kambi ya wakimbizi, alileta kreti kwa boda boda. Alifungua friji apange chupa, akatia mkono ndani, akaguna.

"Papa Esekon, hii friji iko na homa! Soda ikilala humu itaiva."

"Ni betri," alisema Esekon. "Betri za siku hizi hazina adabu ya kazi."

"Na wageni wanakuja keshokutwa?"

"Wanakuja."

"Basi nilete sukari na majani ya chai?"

"Lete na mandazi," mke wa Esekon alidakia kutoka jikoni. "Lokwawi anapenda chai yake na kitu cha kutafuna."

Esekon alitikisa nyaya, akapangusa betri, akaipiga friji kofi. Haikushtuka. Hapo akasikia mbuzi akikohoa nyuma yake. Kugeuka, kundi zima limejazana kibandani, na beberu mmoja amejinyoosha juu ya kioo cha paneli, anacheua.

"Tokeni! Tokeni hapo, wezi nyinyi!"

Mbuzi walitoka upande huu, wakaingia kwa upande ule. Félicité alikuwa amekalia kreti, anajipepea kwa kanga.

"Papa, wanatafuta nini pale? Majani hakuna."

"Wanakimbia jua, mama. Hata mbuzi ana akili. Saa hizi anajua kabisa mahali ambapo jua hali..."

Akawatazama mbuzi. Mbuzi nao wakamtazama, wakiendelea kutafuna.

"Eh, Papa? Malizia."

"Yule fundi hakunieleza vizuri," alisema Esekon, akatoa simu.

Sauti ya Kamande ilisikika uani kote. "Mzee, si ulinikatiza? Ziinue kutoka kwenye bati, upepo upite chini yake. Kioo kifutwe vumbi. Lakini jua ndilo chakula chao! Hata kivuli cha tawi moja kinazinyima nguvu."

"Ndivyo nilivyokuwa nikifikiria," alisema Esekon, akakata simu.

Kibanda kilibomolewa jioni hiyohiyo. Nguzo zilikatwa, zikawa miguu ya paneli. Mkewe aliosha kioo, akasugua mavi ya mbuzi na maoni yake hakuyaficha. Esekon alizungusha ua wa miiba, mfupi na wa mbali kidogo, kivuli chake kisifike. Ijumaa asubuhi friji ilinguruma. Siku nzima aliketi mlangoni pake, wala hakumruhusu mtu kuifungua, hata mkewe aliyekuwa na maziwa yake humo.

Jumamosi Lokwawi aliingia na watu wake. "Ejok," aliamkia, akaketi, akatazama huku na huku. "Haya, mkwe, ile chai yenu ya chupa iko wapi?"

Félicité alimwekea mkononi chupa inayotoa jasho. Lokwawi aliinua, akapiga funda kubwa la dharau. Akashika taya. Meno yake hayakuwa mengi, lakini yote yalipiga kelele pamoja.

"Mkwe," alisema polepole, "hii haiwezi... kuanikwa juani kidogo?"

"Inawezekana," alisema Esekon. "Kakuma jua tunalo."

Akaipokea chupa kwa mikono miwili, kwa heshima anayostahili mkwe, akaenda kuianika mwenyewe. Alipitia mbele ya wageni wote, na hakuwa na haraka.