Matone ya Shangazi

Tak. Tak. Tak. Kabla hakujapambazuka, bibi alisikia kifuniko cha chupa ya chai kikifunguliwa na kufungwa. Akajua ni mjukuu wake, Pindo. Ni binti mzima, fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wenzake wa karakana kwa jinsi anavyonyoosha pindo za mapazia. Akiwa na wasiwasi hukichezea kifuniko. Leo kifuniko hakikupumzika.

"Mama, vizibo vyangu vya masikio viko wapi?"

"Nimeviweka," mama yake alijibu, akijifanya anatafuta kijiko. "Shangazi yako kasema matone hayafanyi kazi masikio yakizibwa. Vumilia, utapona."

"Nitapona nini?"

"Usonji, mwanangu. Wapo waliopona."

"Mimi siumwi. Kelele ndizo zinaniuma."

"Mrudishie mtoto vitu vyake," bibi alisema.

"Mama, na wewe usiniingilie," mama yake Pindo akamgeukia.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Kile kichupa cha matone alisafiri nacho amekipakata kama yai. Lakini tangu kifike, mama alikuwa amemkatisha Pindo kwenda kwa mtaalamu wa hospitali aliyekuwa akimsaidia.

Jua lilipopanda, msimamizi wa karakana akapiga simu. "Bibi, njoo. Pindo kaingia chini ya meza ya kukatia, hataki kutoka."

Bibi na mama walipofika, cherehani zote zilikuwa zimezimwa, na mafundi wakinong'ona tu. Kuna aliyemtandikia Pindo kipande cha pazia sakafuni. Bibi akakiona, akamshukuru moyoni aliyefanya hivyo, kisha akapiga magoti yake mabovu na kuingia chini ya meza.

"Toka, mwanangu," mama alisema. "Watu wanakutazama."

"Waache. Macho yao hayapigi kelele."

Fundi mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Yule mtaalamu alikuwa ananifundisha kuomba kutoka nje kabla sijazidiwa," Pindo alisema. "Nilishaanza kuweza. Wewe ukanikatisha."

"Yule alikuwa anakusaidia tu. Hii ni dawa ya kuponya kabisa."

"Msaada ndio ninaoutaka. Kila siku nasema, kila siku mnanijibu matone. Huyo atakayepona ni nani? Anajua kushona? Anampenda bibi? Mimi simjui, mama. Wewe unamjua?"

Mama akavuta stuli, akakaa. "Nikifa mimi, nani atakuangalia?"

"Hilo sasa ni swali," Pindo alisema. "Ungeniuliza hilo."

Mama akafungua mkoba wake. Vizibo vilikuwamo muda wote, pembeni ya kichupa. Akampa binti yake vizibo, mkoba akaufunga.

"Matone tutaongea jioni."

"Nimeshaongea."

Bibi akashusha pumzi. Mwanawe huyu, ukimtoa mlangoni atarudia dirishani. Mama akaondoka bila kuaga.

Pindo akavaa vizibo, akatoka chini ya meza na bibi yake, akarudi kwenye cherehani yake. Mafundi wakawasha zao mojamoja, ya jirani yake ikawa ya mwisho. Bibi alikaa akitazama pazia likishuka taratibu, mpaka magoti yalipoacha kumuuma. Aliposimama kuondoka, Pindo hakuinua macho.

"Bibi. Kesho uje tena, ukae hapohapo. Na ukija na mama, kichupa kibaki nyumbani."