Marehemu Bado Anakohoa

Siku Pudentienne alipopata habari kwamba yeye ni mjane, mumewe alikuwa uani kwenye kigoda, anakata vitunguu huku akilalamika kwamba kisu ni butu. Aliyeleta habari ni binti yao Belyse, mwenye Kiingereza cha shule, kizuri tu. Alimchezeshea mama yake video moja ya simuni mara mbili, akamtafsiria neno kwa neno. Pudentienne akaiweka simu chini taratibu, akaenda hadi kwenye ukuta mfupi unaotenganisha ua wao na wa Mutoni.

"Mama Shimwa! Hebu njoo."

Mutoni alikuwa anaanika nguo. Alizijua sauti zote za jirani yake: ya kuomba chumvi, ya umbea, ya kuwafukuza kuku wa watu. Hii hakuijua.

"Ni weye ulisema mume wangu amekufa?"

Léonce, fundi wa mageti, mtu ambaye hata homa huwa anaitania, akainua kisu juu. "Nimekufa? Lini? Na mmeniacha nikate vitunguu!"

"Nyamaza weye!" mkewe akamkemea bila kugeuka. "Mama Shimwa, nakuuliza."

Mutoni akafungua mdomo. Kinywa kilichokuwa kimezoea kuhubiri, kutafsiri na kuombea watu wa vilima vitatu, kikaomba kwanza amalize kuanika nguo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mutoni alikulia Karagwe, Tanzania, na mumewe Arthur alikulia Mbarara, Uganda, watoto wa wakimbizi wa Rwanda wote wawili. Walirudi Kigali kama wamisionari, jambo lililowachekesha sana watu wa mtaa wao, Kimisagara, kwa sababu walizoea kwamba mmisionari ni mtu mweupe mwenye gari. Hawa walikuwa weusi, wanapanda mlima kwa miguu, na deni la duka wanalo kama kila mtu. Waliowabeba ni kanisa moja dogo la Kanada, la mji wa wakulima wa ngano. Kwa msaada wa wale wakulima walikodi ukumbi wa ibada, wakafundisha vijana, wakala, wakavaa.

Korona ilipokuja, ukumbi ulifungwa. Na kule kwenye ngano nako watu walipoteza kazi, wengine wakapoteza wazazi, ahadi za michango zikaanza kudondoka moja moja kama meno ya mzee. Ndipo Bi Heather, mratibu wao, alipowapigia simu. Mama mwema, hana hila. "Mioyo ya watu imechoka," alisema. "Wapeni uso mmoja tu wa kuukumbuka. Wajane huwagusa sana."

Wiki ile walikuwa wamegawa unga na maharage kwenye nyumba zote za mstari wao. Arthur akashika simu, akampiga Pudentienne picha ya video akipokea mfuko juu ya ukuta. Pudentienne akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "Asanteni, Mungu awazidishie. Na mujue mimi ni mzuri kuliko hivi, leo sikuchana nywele." Mutoni, sauti yake ikisikika pembeni, akatafsiri kwa Kiingereza: huyu ni mjane, ugonjwa umemchukua mume wake, bila ninyi watoto wake wangelala njaa.

Ilitoka laini kama mafuta. Yeye mwenyewe alishangaa ilivyotoka.

Na si kwamba hakujua. Mnyarwanda na Mrundi wote wanajua kutangaza kifo si jambo la kuropoka. Kuna neno lake, kubika, na kumbika mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi ukaliacha wazi. Bibi yake kule Karagwe alishawahi kumchapa mjomba mzima mwenye ndevu kwa mzaha wa namna hiyo. Lakini Mutoni alisema kwa Kiingereza. Kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, aliona kama maneno ya Kiingereza huangukia mbali, kule kwenye theluji, na hayana ndugu huku.

Yalikuwa na ndugu. Video ilizunguka, ikafika mpaka Bujumbura kwa Ndihokubwayo, kaka mkubwa wa Léonce. Mzee wa watu alikaa siku nzima akimlilia mdogo wake, mpaka Léonce mwenyewe alipompigia simu na kumwomba ayarudishe machozi yake.

Léonce aliicheka hadithi hiyo wiki nzima. Kisha akaanza kukohoa.

*

Ilikuwa Julai, mwaka wa pili wa ugonjwa, na Kigali ilikuwa imefungwa tena. Guma mu Rugo: kaa nyumbani kwako. Kutoka kwenye kilima cha Kimisagara ungeweza kuiangalia Nyabugogo yote, stendi na barabara zake, ukaona polisi wawili na mbwa mmoja. Mama mhudumu wa afya alikuja na kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, akakisoma, hakukipenda, akakisoma tena. Akaamuru Léonce alale peke yake chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ukutani kwa akina Mutoni.

Mutoni alipika uji, akauweka juu ya ukuta, akaondoka. Alipotazama baadaye uji ulikuwa palepale, umeganda utando. Kesho yake akapeleka limau na tangawizi. Pudentienne akatoka akiwa amefunga barakoa.

"Sitaki uji wako. Sitaki na tangawizi."

"Mama Belyse, nisamehe. Kila siku naomba..."

"Usiombe. Weye uliwaambia watu amekufa. Waambie yuko hai. Ni hilo tu."

"Nitamwandikia Bi Heather leo leo."

"Uliandika?" Pudentienne akakaza macho. "Ulisema. Kwa mdomo. Basi useme kwa mdomo, kwa masikio yaleyale yaliyosikia. Mume wangu anazikwa na watu ambao hata sura yake hawaijui, halafu unaniletea tangawizi!"

Kutoka dirishani sauti ikaita, imepungua lakini bado ya Léonce. "Mama Shimwa! Huko mbinguni nako kuna guma mu rugo? Weye ndiye mwenye habari zangu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha. Wale wanawake wawili walisimama wakisikiliza, kila mmoja upande wake wa ukuta, mpaka kilipokwisha.

Jioni Mutoni alimweleza mumewe. Jumapili ile ilikuwa ndiyo Jumapili ya Wamisionari, wakati wakulima wale wote hukusanyika mbele ya kompyuta zao, wakawaona, wakawasikia, kisha wakaahidi kwa mwaka mzima.

"Sema baada ya Jumapili," Arthur akasema.

"Na asipofika Jumapili?"

"Mutoni, hiki ni kirusi. Kimetoka hewani. Hakikutoka mdomoni mwako. Au siku hizi na wewe unaamini mambo hayo?"

"Mimi siamini. Yeye anaamini. Na aliyesema ni mimi."

Arthur akajikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeota ukumbi wenye bati jipya, akaona ndoto inavuja. "Uongo ule si wangu," akasema mwishowe.

"Si wako. Wewe uliuwekea kinanda tu."

Na ni kweli, kile kinanda cha huzuni kinacholia kwenye video chini ya sauti ya mkewe alikitafuta mwenyewe, akapoteza mchana mzima akichagua kipi kinaliza zaidi.

*

Jumapili saa kumi na moja jioni, ambayo kule Kanada ni asubuhi, walikaa mbele ya kompyuta. Arthur alivaa koti na tai juu, chini kaptula. Shimwa, binti yao, alisukwa vizuri akawekwa katikati, akaimba ubeti mmoja, akapigiwa makofi yasiyosikika. Wakulima walijaa kwenye vidirisha vyao, wazee wengi, kila mmoja na kikombe chake, mmoja na paka.

Arthur akahubiri kidogo, akaeleza hali. Kisha Bi Heather akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Na yule mjane wetu mpendwa, anaendeleaje? Tunamwombea kila siku."

Ng'ambo ya ukuta Léonce alikuwa anakohoa. Mutoni alisikia. Akajiuliza kama na wao wanasikia.

"Mume wake yuko hai," akasema.

Babu mmoja kwenye kidirisha cha juu akainua mikono yote miwili, kikombe na vyote. Mwingine akashika kifua. Bi Heather macho yakajaa machozi. "Oo, Bwana asifiwe," akasema. "Tuliomba! Kumbe tuliomba! Tueleze, Mutoni. Ilikuwaje alipoamka?"

Mutoni hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Watu hawa walikuwa wamempokea Léonce amefufuka. Uongo mpya ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa, na mkubwa kuliko wa kwanza. Yeye alitakiwa kutabasamu tu. Léonce angekuwa hai masikioni mwao, kama Pudentienne alivyoomba. Na ukumbi ungepata bati, pengine na gari. Chini ya meza mkono wa Arthur ulishika goti la mkewe. Haukubana wala haukusukuma. Ulikaa tu, kama mkono wa mtu anayemwachia mwenzake mzigo asiouweza.

"Hapana," Mutoni akasema. "Hakuamka. Hakufa. Hajawahi kufa. Yule mama hakusema yeye ni mjane, alisema hajachana nywele. Niliyesema ni mimi. Niliwadanganya. Yuko hai, anaitwa Léonce, anaumwa sana, na nyumba yake ni hapo nyuma ya ukuta."

Yule babu akateremsha mikono polepole. Mwenye paka akaangalia paka wake. Vidirisha vikaanza kuzimika, kimoja, kingine, bila kishindo, na hilo ndilo lililouma. Bi Heather alibaki wa mwisho. Alijifuta uso kwa kiganja, akasema kamati italazimika kukutana, kwa sasa wasitegemee chochote, halafu akasema, kama aliyepotelewa, "Mpeni salamu. Huyo Léonce."

Arthur akafunga kompyuta. Akavua tai, akaikunja vizuri, akakaa na kaptula yake akitazama sakafu. Shimwa akauliza kama ameimba vibaya.

Mutoni akatoka uani. Pudentienne alikuwa ukutani kama aliyeota mizizi.

"Nimesema."

"Wakasikia?"

"Nilisema mara mbili. Mara ya kwanza walidhani amefufuka."

Pudentienne akamtazama. Kitu kikamtekenya pembeni mwa mdomo, kikapanda, akaweka paji la uso juu ya matofali akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alipoinua uso ulikuwa umelowa. Akaenda dirishani kumhadithia mumewe, na Mutoni akamsikia Léonce akitafuta pumzi ya kujibu.

"Kufufuka... kabla ya kufa. Mwambie... nimeruka foleni."

*

Jumatatu asubuhi kidude cha kidoleni kilisoma namba ambayo mama mhudumu hakuisema kwa sauti. Akapiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa linakuja, nalo likachelewa, maana siku ile Kigali yote ilikuwa inaliita. Pudentienne akaingia chumbani, akakataa kukatazwa. Mutoni akaruka ukuta kwa kitenge chake, akasimama dirishani na barakoa mbili, akashuhudia kifua cha fundi wa mageti kikipanda, kikishuka, kikipanda. Kisha kikasahau.

Hakuna aliyepiga kelele. Kelele huita watu, na watu walikuwa hawaruhusiwi kuja.

Baada ya muda Pudentienne akanyoosha mkono kupitia nondo za dirisha, nondo alizochomelea Léonce mwenyewe, akampa simu. "Kaka yake, Ndihokubwayo. Mbikire, umpe habari."

"Mimi?" Mutoni akarudi nyuma. "Mama Belyse, baada ya yote? Mimi tena?"

"Nani mwingine? Padri yuko wapi? Majirani wako wapi? Nimtume Belyse ambike baba yake? Mimi siwezi, sauti haitoki. Chukua."

Simu ikaita kidogo tu.

"Mzee Ndihokubwayo, ni Mutoni, jirani wa Kigali. Léonce ametutoka."

Kutoka Bujumbura mzee akasema, bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto, "Mama, habari hiyo tulishaipata. Ilikuwa uongo."

"Najua. Lakini leo..."

"Na sauti hii naijua. Ndiyo ile ya kwenye video."

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Basi nipe Pudentienne."

Mutoni akatazama ndani. Pudentienne alikuwa amelaza shavu lake kwenye mkono wa mumewe, akatikisa kichwa: hapana.

"Hawezi kusema, mzee. Amebaki naye. Nimesimama dirishani, namwona. Nilikuwepo. Ile siku sikuwepo, nilisema tu. Leo nilikuwepo."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Kwenye simu Mutoni alisikia kiti kikiburutwa, na mzee akikikalia kwa uzito.

"Ulivyokuja ndivyo sivyo," Ndihokubwayo akasema. "Hatuambiani kifo hivyo, unamrushia mtu kama jiwe. Mimi nimeshakaa. Kaa na weye. Uanze upya, uanze mbali."

Mutoni akachuchumaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, simu ameishika kwa mikono miwili. Akamsalimia mzee kama ndiyo kwanza wanaonana. Akauliza waliamkaje, akauliza watoto, akauliza kama kwao nako ni vumbi la kiangazi. Mzee akajibu kila kitu, vizuri, taratibu, akimngoja. Na Mutoni akaendelea kuuliza, sauti ikimpungua, kwa kuwa maswali yalikuwa yanaelekea kumwishia, abaki na ile habari.