Neno la Kumi na Tano

Mwalimu Patroba alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haiuzwi dukani: hakumwamini mtu. Hakuzaliwa hivyo. Huko bara alikotoka, mwanafunzi wake aliwahi kuibia mtihani, na lawama zote zikamwangukia yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo karatasi safi ilimtia shaka kuliko chafu.

Sasa maktaba ndogo ya mtaani pale Amu ilitafuta mtu mmoja wa kuwasomesha watoto vitabu vya Kiingereza, na Patroba ndiye aliyeombwa atunge jaribio. Jumatatu hiyo akaandika herufi saba ubaoni, A, E, I, O, N, P, T, akawapa waombaji nusu saa watoe humo maneno ya Kiingereza kadiri wawezavyo. Simu zote zikatiwa kikapuni, na kikapu kikawekwa miguuni pa Nerea, mtunza maktaba. Majibu Patroba alikuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe: kuna tovuti, ukiipa herufi, inakutapikia maneno yote yaliyomo. Simu hiyo haikuingia kikapuni, maana nani atamshuku mwalimu?

Wafula alipata maneno kumi na mawili. Fawaz wa Shela, aliyezoea wageni wa hoteli, alipata kumi na sita. Bi Barka akapata thelathini na manne.

Bi Barka! Mjane wa makamo, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye asubuhi hiyo Patroba alimsalimu kwa Kiingereza akajibiwa kwa tabasamu tu. Patroba aliikodolea macho karatasi yake. Maneno yalikaa safu safu: pat, pet, pit, pot, kisha tan, ten, tin, ton, kisha pan, pen, pin. Mtu hawazi hivi, alijiambia, mashine ndiyo hupanga hivi. Tena safu zilianzia ukingo wa kulia zikaja kushoto, mambo ya mtu anayeandika kwa kujificha. Na ule mkono wa kushoto? Nusu saa nzima ulikuwa ndani ya buibui, huku midomo ikicheza. Hasira zikampanda. Kumpekua mwanamke wa watu hawezi, na kunyamaza pia hawezi.

Akamwinamia Nerea, akasema kwa Kiingereza, akiwa na hakika kuwa mwenye kusemwa haelewi, "Thief."

Nerea akatazama chini. Bi Barka alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, akifunga mkoba wake.

"Bi Barka," Patroba akaita, sasa kwa Kiswahili na kwa adabu ya juu juu, "kesho urudi. Utafanya jaribio jingine peke yako, mikono mezani."

"Simu yangu i kikapuni, Mwalimu."

"Najua. Pengine unazo mbili."

Waombaji wenzake wote walisikia. Na Amu mji mdogo. Neno likitoka mtaa wa Langoni hufika Mkomani kabla ya aliyelisema. Alasiri haijaisha, watu walishajua kuwa Bi Barka ameibia jaribio. Mwizi hapewi watoto wa watu awafundishe, si maktabani, si chuoni. Kwa hiyo kesho yake hakuwa anatafuta kazi tu, alikuwa anaitetea na ile aliyokuwa nayo.

Jumanne alitangulia kufika, mikono ya buibui ameikunja. Patroba alikuwa amekata vipande vya herufi, akavitikisa koponi, akatoa saba: E, F, H, I, R, S, T.

"Maneno kumi na tano, kila moja herufi nne kwenda juu. Dakika kumi. Likipungua hata moja, kazi huna, na kamati ya maktaba nitaiambia sababu."

Bi Barka aliweka mkono wa kushoto mezani. Hapo Patroba akaona kidole gumba kikipita pingili kwa pingili juu ya vidole vingine, kama mtu anayeleta uradi.

"Unahesabu nini?"

"Natia irabu," akajibu bila kuinua uso. "Herufi ni mifupa, Mwalimu, irabu ni nguo. Mfupa mmoya huuvika fatha, ukauvika kasra, ukauvika dhamma, kila nguo neno jingine. Ndivyo nifundishavyo chuoni, toka kulia kwenda kushoto."

"Na Kiingereza umekijulia wapi?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini Ras Kitau. Wageni waliwata kamusi walipoondoka, akaniletea. Nikayahifadhi maneno yake moyoni, mwanzo hata mwisho."

Alipomaliza, Patroba akafungua tovuti yake na kupita neno moja moja, akianzia kulia alikoanzia mwandishi. Fire, hire, tire. Fish, fist, first. Shift, shirt. Yote yalikuwemo. Akatafuta pa kumkamatia.

"Rife maana yake nini?"

"Hilo siyui bado. Kuhifadhi kwanza, maana huya nyuma."

"Umeona?" Patroba akamgeukia Nerea, karibu acheke.

"Uliomba maneno, Mwalimu," Nerea akasema. "Maana hukuomba."

Wakahesabu. Yalikuwa kumi na manne, na la kumi na tano lilikaa peke yake chini, pembe ya kushoto. Patroba alilisoma, akairudisha karatasi mezani. Nerea akavuta karatasi, akalisoma kwa sauti.

"Thief. Na hili, Bi Barka, maana yake unaijua?"

"Hilo naiyua. Silo la kamusi hilo. Nalisikia yana, papa hapa, na alolisema alikuwa akinitazama."

Uso ulimwaka Patroba kwa aibu. Alizikagua herufi mara ya pili, polepole, akitamani ikosekane moja. T, H, I, E, F. Zote zilikuwepo mezani, kwa mkono wake mwenyewe zimetoka koponi. Akachukua kalamu nyekundu, akalitia alama ya vema.