Kopo la Wifi na Vidole vya Msusi

Wazazi wenzangu, mwenye binti asome hii mpaka mwisho.

Binti yangu ni msusi. Alipoanza kuamka vidole vimevimba na kukakamaa, hata kikombe anakishika kwa viganja viwili, nilimtania, "Bibi harusi, nikulishe?" Akacheka. Baadaye hakucheka tena, maana wateja walianza kuhamia saluni ya jirani.

Tukaenda hospitali. Daktari akampima damu, akatueleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupiga vijidudu, imemgeukia mwenyewe na inashambulia viungo vyake. Magonjwa ya namna hii ni mengi. Mengine hushika sehemu moja tu, kama tezi ya shingoni, mengine husambaa mwilini. Lake ni la kusambaa. Mtu huzaliwa na uwezekano wa kuugua, halafu kitu fulani kinauamsha, na mara nyingi hakijulikani ni kipi.

"Na huu mdomo wake mkali wa kujibu watu, umetoka wapi?" nikauliza.

"Huo ni wa kurithi, mama," daktari akajibu huku akiandika dawa.

Vilikuwa vidonge vya kuituliza kinga. Akiviacha, vidole vinaweza kupinda visinyooke tena, na kusuka ndiyo basi.

Jumapili akaja wifi yangu na kopo la unga. "Huu unaongeza kinga. Hivyo vidonge vinaishusha, vitupe."

Nikahofu, kwa sababu vidonge vilikuwa vinamtia binti kichefuchefu, na nilimwona analikodolea macho lile kopo.

"Shangazi," akasema mwishowe, "ukikuta walinzi wanampiga mwenye nyumba, utawaongezea rungu?"

"Nitawafukuza wote."

"Ukiwafukuza, wezi wataingia. Wanatulizwa tu."

Wifi akalivuta kopo lake. "Sasa kopo langu je?"

"Liache, nitalitumia kuwekea vibanio vya nywele." Akameza kidonge, akakunja uso. "Njoo nikusuke, hicho kichwa kinatutia aibu."

Alisuka nusu, vidole vikagoma, nikamalizia mimi. Wifi alitoka upande mmoja umenyooka, mwingine umekwenda kombo.

Basi mtoto akiamka mikono imekakamaa siku baada ya siku, msimwite mvivu, mpelekeni hospitali. Na dawa za makopo, muulizeni daktari kwanza. Mimi namsimamia wangu mpaka ameze. Ananiita askari magereza. Aniite atakavyo, mradi asuke.