Zamu ya Bwawani

Kiwanda cha chuma kilipofunguliwa katika mji wetu wa Vasvölgy mwaka 1951, maji ya kupoza mitambo yalitoka yakiwa ya moto, yakaelekezwa kwenye bwawa la kuogelea. Januari tuliogelea huku theluji ikituangukia vichwani. Wafanyakazi walifika elfu kumi na moja. Maji yalikuwa nyuzi joto ishirini na tisa. Baada ya 1990 matanuri yalizimwa moja baada ya jingine, na habari tulizipata kwa miguu yetu majini kabla ya kuzisoma magazetini: ishirini na nne, kumi na tisa. Lilipozimwa la mwisho, zikabaki kumi na tatu.

Halmashauri ya mji ikatangaza kwamba Jumamosi asubuhi karani angekuja kuhesabu. Wasipoingia majini watu thelathini, bwawa lingefukiwa. Mama Gizella, mlinzi wa bwawa kwa miaka ishirini na sita, hakuwa na kazi nyingine wala hamu nayo. Alipita nyumba kwa nyumba, na sisi wastaafu wa matanuri tukaahidi kuja.

Tulikuja kweli. Tukasimama ukingoni, mikono kifuani, tukijadili hali ya hewa.

“Mzee Barnabás,” Gizella alisema, “miaka thelathini mbele ya chuma kilichoyeyuka, leo unaogopa maji?”

“Kule walinipa koti.”

Gizella hakubishana. Alipuliza filimbi na kuita zamu ya asubuhi. Barnabás, aliyekuwa msimamizi wa zamu hiyo, alishuka ngazi kabla hajafikiri, na wenzake tisa wakamfuata.

Kwenye tanuri hakuna aliyeondoka kabla wa kumpokea hajasimama mahali pake. Hatukuwahi kuivunja kanuni hiyo, hata mtu akiwa na harusi yake. Barnabás, meno yakigongana, alimwita Ödön wa zamu ya mchana.

“Unanipokea, au unasubiri mke wangu awe mjane?”

“Nasubiri. Anapika vizuri,” Ödön alijibu, huku akishuka ngazi.

Zamu ya mchana waliingia kumi. Sisi wa usiku tuliowapokea tulikuwa tisa. Baridi ilipotushinda, tulimwachia mwenzetu Lőrinc zamu, akabaki peke yake, wa ishirini na tisa, kichwa na shingo tu vikionekana.

Karani Zsombor, ambaye baba yake alifanya kazi zamu yetu, alimsihi. “Toka, Mjomba Lőrinc, utaugua.”

“Nani ananipokea?”

Zsombor alilisoma tena tangazo. Halikusema kwamba anayehesabu asihesabiwe. Alivua viatu, akakunja tai yake na kuitia mfukoni mwa koti, akampa Gizella daftari amshikie.

Dakika tatu baadaye aliandika thelathini, karatasi ikilowa chini ya mkono wake.